Motaboti ya Watalii na Kaburi la Tata

Ukingoni mwa Mto Naili, Uganda

Ndugu yangu mpendwa Onsongo,

Pokea salamu zangu kutoka huku mbali. Hamjambo nyote? Mama anakula? Analala? Mimi mwili ni mzima, lakini moyo sina. Barua yako ya kwamba mmemzika Tata ilinifikia juzi.

Umenikaripia, na una haki. Mimi kifungua mimba ndiye niliyepaswa kupiga jembe la kwanza kwenye kaburi la baba yetu. Mkanisubiri siku mbili, wazee wakachoka, ukalishika wewe mdogo wangu. Nimelisoma hilo nikalia mbele za watu.

Lakini hebu kumbuka, Onsongo. Mwaka juzi uliniandikia kwamba Tata yu hoi. Nikapanda lori, nikapanda treni, nikafika nyumbani Magwagwa miguu imevimba, nikamkuta amekaa uani anakula ugali wa wimbi, na wazee wa upande wa msichana mliyenichagulia wamejipanga wananingoja. Tata akaniuliza, "Ningesema njoo uoe, ungekuja?" Mlicheka nyote. Hata mimi nilicheka, nikarudi kazini bila mke.

Basi barua yako ya mwezi uliopita iliposema Tata ni mgonjwa, "safari hii ni kweli", niliwasomea wenzangu karakanani. "Bwana harusi, kimbia!" wakanitania. Kazi ilikuwa imepamba moto. Tulikuwa tunaunda motaboti ya kuwatembeza watalii mtoni. Vipande vya chuma vililetwa na lori, tukaviunga kwa misumari ya ribiti hapa hapa ukingoni, na viti vya abiria ni kazi ya mikono yangu. Fundi mkuu wetu, Kalasinga mmoja mkali, hakucheka. "Wewe enda ona mzee," alisema. "Viti tamaliza mimi." Nikakataa. Nilitaka niwemo siku ya kuikabidhi.

Tukaikabidhi. Tuliipandisha mto hadi karibu na maporomoko, wazungu wamekalia viti vyangu, wanapiga picha viboko na mamba. Bibi mmoja alipapasa mbao akasifu zilivyopigwa randa. Nilifurahi sana, sitakuficha. Nimehesabu siku kwa barua yako: hiyo ndiyo siku mliyokuwa mnaniangalia barabarani.

Sikulaumu wewe. Aliyekufundisha kuandika uongo ule ni Tata mwenyewe, naye amelipa kuliko sisi.

Nakuja. Nimeomba ruhusa, na Kalasinga amenipa bila neno.

Nisalimie dada yetu Kerubo na mumewe, na baba mdogo Ombati aliyekaa na maiti nikiwa sipo. Mama sijui nimtumie salamu gani. Majirani watamwambia nilizuiwa na kazi. Usiwaache wamdanganye. Mwambie niliruhusiwa kuja, nikabaki, kwa kuwa nilidhani mume wake ananitania.

Ni mimi kaka yako,
Nyakundi