Cheti Hakijaolewa

Jumatano, Magomeni

Na nilivyoliandika kwa mapenzi! Kwenye fomu ya kuomba kazi ya ufundi umeme kiwandani nilijaza Zuhura Bakari, jina la mume wangu, badala ya Zuhura Issa, jina la baba. Ilikuwa siku ya tisa ya ndoa. Nani angenilaumu?

Leo kwenye usaili wamenilaumu. Dada wa ofisini alishika cheti changu cha chuo cha ufundi akauliza, "Zuhura Issa ni nani?"

"Ni mimi, dada."

"Na Zuhura Bakari?"

"Mimi pia. Nimeolewa."

"Hongera, bibi harusi. Lakini cheti hakijaolewa."

Waombaji wenzangu, wanaume watupu, wakacheka.

Akaniambia kesho kabla ya saa nne asubuhi nipeleke hati ya kiapo kutoka kwa wakili kwamba Zuhura hao wawili ni mtu mmoja. Nikichelewa, anachukuliwa mwingine, nami narudi kuuza dukani kwa shangazi. Miaka miwili ya kujifunza nyaya, ipotee kwa ajili ya jina moja!

Niliogopa kumwambia Bakari. Je, akidhani nalijutia jina lake? Nilipomwambia, tukiwa tunakula, tonge likabaki mkononi mwake.

"Mke wangu, shehe aliniozesha Zuhura binti Issa, na huyo ndiye niliyemtaka. Kesho saa mbili tuko mlangoni kwa wakili."

Ya Rabi, nampenda mwanamume huyu! Nimeshindwa kumwambia kwamba wakili hufungua saa tatu.