Mafuta ya Magoti ya Ouma

Jumanne, 2 Februari 1988

Mwarobaini tena. Nimesaga mbegu, nimekamua, nimepima. Mafuta yapo, lakini yananuka kitunguu saumu kilichooza. Sabuni yake hainunuliwi hata na mwenye mafua. Meneja hacheki. Mafuta ya kuagiza ng'ambo yamekuwa ghali, kiwanda kinataka mti wa hapa hapa ushike nafasi yake. Kesho nitajaribu othoo, ule mti wa miiba wa uwanda wa Kano. Nalala bila kula. Uvivu wa kuwasha jiko tu.

Jumatano, 3 Februari

Othoo! Kiganja kimoja cha viini, nilichookota mwenyewe Krismasi nyumbani kwa mama mkwe. Mafuta mengi kuliko mbegu yoyote tuliyowahi kujaribu. Manjano hafifu, asidi kidogo, harufu karibu hakuna. Meneja alinipa mkono. Sasa anataka debe zima la kokwa za msimu huu, apike sabuni ya majaribio kabla ya mwezi kwisha.

Debe zima. Majirani wote wa Ahero wamekata othoo zao wakachoma makaa. Imebaki miti ya mama mkwe. Mungu ana mzaha.

Jumapili, 7 Februari

Ahero. Mama mkwe amekataa.

Kila kiangazi huokota kokwa, huzipasua kwa jiwe, hukaanga viini, hutwanga, huchemsha, huengua mafuta. Yote ni ya magoti ya Ouma, mwanawe, mume wangu. Ouma aliichezea mpira timu ya kiwanda mpaka magoti yakamwisha, na mafuta hayo ndiyo yaliyomrudisha uwanjani kila wiki. Kisha akaenda Mombasa kutafuta kazi ya meli. Barua mbili, halafu kimya. Miaka sasa.

Chupa ziko chini ya kitanda cha mama, za kila msimu. Nilifungua moja ya zamani. Imechacha. Nikamwambia. Akasema, "Nyar Seme, akirudi utampaka nini? Sabuni?" Ananiita hivyo, binti wa Seme, tangu nilipoolewa. Siku akikasirika hulivuta jina kama anakokota mbuzi.

Nimerudi na hasira. Mtu mzima kumwekea mafuta asiyetuma hata salamu!

Jumapili, 14 Februari

Nilikwenda na sukari na leso. Alipokea sukari, alipokea leso, akakataa. Alinipa ugali na omena, na debe lenyewe akanionyesha, limejaa mpaka mdomoni. Makusudi, naapa.

Nikasema Ouma harudi. Nilisema kwa sauti, mbele ya mama yake mzazi. Aliondoa sahani, akaenda kuziosha.

Jumatano, 17 Februari

Nimenunua kokwa kwa mwanamke wa Nyamasaria. Zimetobolewa na wadudu, mafuta yake asidi tupu. Meneja anauliza kila asubuhi. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na tumbo ni langu.

Nilitaka kuandika kwamba nimemwota Ouma. Uongo. Nilikuwa macho. Namtaka. Nataka viatu vyake vya mpira vinuke chumba kizima, nigombe, avitoe nje, avirudishe. Nataka alale upande wa ukuta anibane. Basi, nimesema.

Jumanne, 23 Februari

Hakuna kitu. Meneja anasema tukikosa kokwa Ijumaa, habari za miti zimekwisha. Sina nguvu ya kwenda kuombaomba tena Ahero. Aibu pia.

Ijumaa, 26 Februari

Askari wa geti alikuja maabara akihema. "Madam, kuko mama mzee hapo nje na debe. Anasema wewe ni mtoto yake."

Mama mkwe. Ametoka Ahero alfajiri. Alilitua debe mlangoni, akafunga leso vizuri, ile niliyompa. "Chukua zote," akasema. "Mimi nimechoka kumpikia."

Nilipaswa kufurahi. Nilitaka kumtwika debe lake arudi nalo. Nilitaka akatae, agombe, aniite mke asiye na moyo. Kumbe kungoja kwangu nilikuwa nimemwachia yeye. Maadamu yeye alipika mafuta, mimi niliweza kusema Ouma harudi, na nisiamini. Sasa nani atasema anarudi?

Nilimsindikiza mpaka stendi. Anachechemea. Sijui tangu lini. Nilirudi kazini, nikafungua bomba la choo cha kiwanda, nikalia humo.

Jumanne, 1 Machi

Sabuni imetoka. Nyeupe, ngumu, povu zuri. Meneja anapiga watu mabega kama amejifungua yeye. Nimeweka kando chupa moja ya mafuta. Sikuomba ruhusa.

Alhamisi, 3 Machi

Nimesafisha vyombo vyote. Kazi inakwenda vizuri. Nimechukia kila mtu.

Jumapili, 6 Machi

Ahero. Joto, hata majani hayatikisiki. Mama alikuwa mkekani, miguu ameinyoosha. Magoti yamevimba, yote mawili. Nikamwuliza yameanza lini. Akafikiri. Akasema Ouma alikuwa darasa la nne.

Na miaka yote hiyo chupa zimejaa chini ya kitanda! Nikamwuliza kwa nini hakujipaka.

"Hayakuwa yangu," akasema, kana kwamba nimeuliza swali la mtoto.

Nikatoa chupa mkobani. Akavuta mguu, akasema mimi si daktari. Nikangoja. Akaurudisha mwenyewe, akatazama nje, kwenye miti.

Hatukumtaja Ouma tena. Mafuta yalikuwa ya uvuguvugu kwa jua la njiani. Goti la kushoto ndilo baya zaidi. Nilianza na hilo.