Bafa za Madam na Togwa Yangu

Mwanangu mpendwa Devota,

Salamu nyingi kutoka hapa Malangali. Baba yako hajambo, mgongo tu. Bibi yako hajambo, anauliza kama unakula. Wadogo zako Silvesta na Anjela wazima, Anjela kang'oka jino la mbele. Mbuzi mweusi kazaa. Mimi mama yako nipo, ila moyo haujatulia.

Madam wako wa kemia kampigia baba yako simu. Anataka likizo hii ubaki kwake, mfanye hesabu za bafa kabla ya mtihani. Baba yako akajibu, "Sawa Madam, asante sana." Mimi sikuulizwa.

Unakumbuka likizo iliyopita, jikoni? Ulinieleza kwamba bafa ni maji yenye asidi dhaifu na chumvi yake, ukiongeza asidi kidogo uchachu wake hauyumbi. Nikasikiliza mpaka mboga ikaungua. Ukasema una bafa mbili za asidi ile ile, moja pH, yaani kipimo cha uchachu, ni nne, nyingine sita, umezichanganya nusu kwa nusu. Nikadakia, "Tano!" Maana mimi togwa ya jana iliyochacha nikiitia kwenye ya leo tamu, napata ya katikati. Ukacheka mpaka ukashika mlango. "Siyo hivyo, mama! Unajumlisha kwanza asidi yote ya pande mbili, halafu chumvi yote, ndipo unalinganisha. Aa, Madam angenielewa haraka."

Madam. Madam kasema, Madam kasuka hivi, Madam hanywi chai bila tangawizi. Bibi yako ananitania, "We mama Devota, unamwonea mwalimu wivu kama mke mwenzio!" Nacheka, ila kweli ninamwonea.

Ulimi wako ndio ulikuwa kipimo changu, mwanangu. Sikummiminia mgeni togwa kabla hujaonja. Ulikuwa mdogo, umekaa juu ya kinu nilichokipindua, unafumba jicho moja: "Bado mama. Kesho." Na kesho yake kweli togwa inakuwa imeiva.

Sitaki ufeli kwa ajili yangu. Kaa kwake kwanza mmalize hizo hesabu, halafu uje. Au njoo naye, kitanda kipo, nitampa kikombe kikubwa. Ila wa kwanza kuonja ni wewe. Hapo simpishi mtu.

Nijibu upesi. Kimea cha ulezi kimeshakauka, na sipiki mpaka nijue anakuja nani kuonja.

Ni mimi mama yako,
niliyesema tano.