Alikataa Figo Yangu, Sasa Wanataka Damu Yangu

Mpendwa Mshauri,

Naomba msaada wako, na naomba unisome mpaka mwisho kabla hujanihukumu, maana najua ukifika katikati utanikasirikia. Mimi ni mwanamke mwenye saluni, na nina mdogo wangu mmoja tu, wa kiume, fundi friji, niliyemlea tangu mama yetu alipofariki yeye akiwa bado hajui kufunga kamba za viatu, nikaacha shule ili yeye asome, nikachelewa kuolewa kwa ajili yake, na hata nilipoolewa nilimwambia mume wangu kwamba huyu ndiye mtoto wangu wa kwanza. Figo zake zilipokufa akawa mtu wa kulazwa kwenye mashine ya kusafisha damu kila wiki, mimi nilikwenda kupimwa kabla hata sijaombwa, nikaambiwa tunaendana, nikarudi saluni nikawatangazia wateja kwamba namtolea mdogo wangu figo, wakanipigia vigelegele mpaka mashine za kukaushia nywele hazikusikika.

Mshauri, aliikataa. Alinikalisha sebuleni kwake, mkewe pembeni, akasema, "Dada, umenipa vya kutosha," kisha akaniambia hospitali imemchagua kwenye majaribio ya kupandikiza figo ya nguruwe, nguruwe aliyefugwa maalumu na kubadilishwa vinasaba ili mwili wa binadamu usiikatae figo yake. Nikamuuliza, "Yaani nguruwe anakufaa kuliko mimi?" Akacheka, alidhani natania. Mambo ya imani usinijibu, aliyazungumza na viongozi wetu wa dini na moyo wake ukatulia, kinachonichoma ni kingine. Hilo neno "vya kutosha" nililisikia kama mtu anayesukuma sahani kwa kuwa ameshiba. Nikamtazama wifi yangu, akainamisha macho, nikajua ni yeye aliyepanga, hataki mumewe atembee na kipande changu tumboni.

Operesheni ilikwenda vizuri, akarudi nyumbani anakojoa kama watu na uso umerudi rangi yake, na kila mgeni aliyekuja kumwona alimpongeza wifi kwa kumuuguza, mimi nikiachiwa vikombe nioshe. Lakini kabla ya kumruhusu, daktari alituita wote tunaoishi naye ua mmoja akatueleza kwamba nguruwe wana virusi vyao, vingine vimejificha ndani kabisa ya vinasaba, na ingawa wanyama hao wanafugwa mahali safi na kupimwa, hakuna anayeweza kuapa kwamba hakuna kilichopenya, kwa hiyo mgonjwa atapimwa maisha yake yote na sisi wa karibu tutatoa damu mara kwa mara, ili kikiwapo kitu kionekane mapema kabla hakijasambaa. Wenzangu walitoka pale na wasiwasi. Mimi, Mungu anisamehe, nilitoka kama mwenye furaha.

Nikaanza taratibu. Nikamtengea kikombe chake. Nikawakataza wanangu wasimkumbatie mjomba. Saluni nikamnong'oneza mteja mmoja tu, na wewe unajua habari za saluni zinavyotembea, baada ya muda mfupi mwenye bucha na mwenye duka la maziwa wakaacha kumwita kutengeneza friji zao. Siku moja alimnyooshea mikono binti yangu mdogo, mtoto akarudi nyuma akajificha kwenye gauni langu akasema, "Mama amesema una wadudu." Mdogo wangu alishusha mikono, akanitazama, na tangu hapo akawa anapelekewa chakula chumbani.

Sasa ana homa. Amelazwa, madaktari hawajajua ni nini, wanatafuta yote pamoja na hivyo virusi, na wanataka damu ya kila anayeishi naye ili walinganishe. Wote wametoa isipokuwa mimi, na nesi aliyetumwa nilimfungia mlango. Jana wifi alikuja saluni, akasimama mbele ya wateja wangu akaniambia kwa sauti ya chini, "Wifi, kama ni mimi unayenichukia, endelea kunichukia, sitakuzuia. Ila toa damu." Nikamjibu, "Figo yangu aliikataa, damu yangu ya nini? Kampimeni nguruwe." Akaondoka akifuta macho kwa ncha ya kitambaa chake, na mteja niliyekuwa namsuka akaomba nimalize haraka.

Kinachonitisha ndicho hiki. Nilijikuta naomba virusi vionekane. Simwombei afe, Mshauri, nataka tu watu waseme kwamba ingekuwa figo ya dada yake haya yasingempata. Je, nina haki ya kukataa kutoa damu? Na moyo wa namna hii mtu anaufanyaje?

Dada Mtu


Dada Mtu,

Barua yako sikuingojesha zamu ya gazeti, maana homa haingoji kiwanda cha uchapaji. Nilikupigia kwa namba uliyoandika, nikakwambia nenda katoe damu. Ukaniuliza, "Ni lazima?" Nikakujibu si lazima, nenda. Umeniruhusu niandike haya wengine wasome, na umenijulisha yaliyofuata: damu yako haikukutwa na kitu, mdogo wako walimkuta na maambukizi kwenye kidonda cha operesheni, dawa zimemkubali, na virusi vya nguruwe havikuonekana. Nikashukuru. Wewe ukasema, "Kwa hiyo nguruwe kashinda."

Hapo ndipo nilipojua ugonjwa wako haujapona.

Pole, nasema kwa moyo. Uligeuzwa mama kabla hujamaliza kuwa mtoto, na aliyezoea kutegemewa akiambiwa apumzike huona amefukuzwa. Wivu huo nauelewa. Nisichokielewa ni ulivyouvisha koti la daktari na kuutuma mtaani.

Hofu ya virusi ni ya kweli. Nilimuuliza daktari wa figo, hakunicheka. Aliniambia hatari yenyewe haijulikani ukubwa wake, na ndiyo maana wanapima na kupima tena, kwa sababu kitu kikitoka kwa mnyama kikaingia kwa mtu, kinaweza kumfikia na jirani. Sasa niambie, kikombe cha peke yake kingezuia nini? Umbea wa saluni ungezuia nini? Kilichotakiwa ni damu kidogo kwenye kichupa, na wewe uliyeitangaza hatari kuliko wote ndiye pekee uliyekataa kusaidia kuitafuta. Haki ya kukataa unayo, mwili ni wako. Lakini kama ungekuwa unaogopa kweli, ungekuwa wa kwanza kwenye foleni.

Tuje kwenye "umenipa vya kutosha." Wewe ulisikia ameshiba. Mimi sikuwapo sebuleni, ila nasoma maneno ya mtu aliyeuona ujana wako ukiishia kwake, na hakutaka kukulaza mezani wakuchane ubavu ukiwa na watoto wa kulea. Inawezekana nimekosea. Muulize mwenyewe, na akijibu, funga mdomo mpaka amalize. Na wifi yako muondolee hilo la kupanga njama. Mwenye hila angekusema kwa majirani, asingekuja kukubembeleza mbele ya wateja wako.

Nenda hospitali kesho na huyo binti yako, kama wodi inaruhusu watoto. Kama hairuhusu, ngoja arudi nyumbani. Mwambie mtoto mbele ya mjomba wake kwamba mama alisema uongo. Mtoto ataelewa haraka kuliko unavyodhani. Mdogo wako usimwombe msamaha wa jumla, mtajie ulichofanya: kikombe, wateja, nesi. Damu nyingine wakiihitaji, nenda na wifi, mkae benchi moja, hata msipoongea. Kisha tembea mwenyewe mpaka kwa mwenye bucha na mwenye duka la maziwa, uwaambie anapimwa, na wewe unapimwa, na kazi yake wamrudishie.

Wivu hautaisha kwa hayo yote. Siku atakapobeba mkoba wake wa vifaa kwenda kazini, mzima, bila kitu chako mwilini, utakuuma tena. Uache ukuume. Wewe mfungulie geti.

Mshauri