Taa Itangulie, Gitaa Lifuate

Dorcas,

Naenda Busisi, nitarudi jioni. Umeme ukikatika, chomoa amplifaya na kile kisanduku cha dijitali cha kubadili sauti ya gitaa. Asubuhi uliviacha vimewashwa ili vikuambie umeme umerudi, kama tunavyofanya na redio. Umeme ukarudi kwa kishindo, spika ikapiga kelele, kisanduku kikatoa harufu. Kimepona kwa bahati tu, na Jumapili kwaya inakutegemea.

~~Usiguse gitaa mpaka nirudi.~~ Hapana, fanya mazoezi. Acha taa ya sebuleni peke yake ndiyo ikuambie umeme umerudi. Ikiwaka na kutulia, washa kisanduku, amplifaya mwisho. Wakati wa kuzima, anza na amplifaya.

Nilipofoka ulisema silipendi gitaa lako. Sasa kila ukianza kupiga, redio yangu huwa naizima kwa nini?

Baba