Osmunda Yupo, Anasoma Mpitimbi

Mdogo wangu Osmunda,

Tulikuzika wiki tatu zilizopita na bado sijalia. Shangazi ananitazama kwa jicho la pembeni, anadhani ni unesi, kwamba nimezoea maiti. Mwache adhani. Ninakula, ninalala, ninaingia zamu. Moyo umekufa ganzi, kama mguu ulioukalia muda mrefu. Unaufinya, unajua ni wako, hausikii kitu.

Nikuambie kilichonipata. Ukiomba ruhusa ya msiba kuna fomu, na fomu inataka jina la marehemu. Kalamu ikagoma. Kazini Osmunda ni mimi. Ningeandikaje kwamba Osmunda anaomba siku nne akamzike mdogo wake Osmunda? Nikaandika Kandida. Nimejiua kwa mwandiko wangu mwenyewe, katibu akagonga muhuri na kunipa pole. Halafu nikaja nyumbani Msamala, nikakuta msalaba wako una jina ninaloitikia kila siku wodini.

Unakumbuka ulivyokuwa unanitania? Nikija likizo unanipokea begi mlangoni: "Mimi hujambo? Mbona mimi umekonda hivyo?" Mama anacheka mpaka anakaa chini. Mimi nilicheka meno tu.

Wala hatukuwa wa kwanza, enzi zile wangapi walirudia darasa kwa majina ya watu! Nilimaliza la saba, sikuchaguliwa kwenda sekondari. Wewe ulikuwa la sita, mguu umevimba, muhula mzima hujakanyaga shule. Baba akakuchukulia uhamisho wa kwenda Mpitimbi kwa shangazi, akanipeleka mimi. "Jina tu hilo," alikuambia, "halipungui likitumika." Nawe ukajibu, "Mpe dada, baba. Kitandani hapa nalifanyia nini?" Ulikuwa na miaka kumi na miwili.

Mguu ukapona. Ukafua sare, ukaenda shuleni peke yako, mwalimu akafungua daftari lake akakuambia Osmunda yupo, anasoma Mpitimbi. Ukarudi nyumbani ukashika jembe. Kisa hicho ulikisimulia maisha yako yote kama kichekesho, na watu walicheka kweli.

Juzi kazini wametuletea semina. Mama mmoja wa saikolojia kutoka Dar, kashika kipaza sauti na sisi hatuzidi ishirini. Mada ilikuwa kuwa wewe halisi. Akasema wapo wanaoamini mtu halisi yumo ndani yako tangu kuzaliwa, kazi yako ni kumfukua kama muhogo. Wengine wanasema ndani hamna mtu, unajitengeneza kwa yale unayoyachagua. Akatugawia karatasi, kila mmoja aandike yeye ni nani. Nikamuuliza, "Na kama ukifukua ukakuta mtu mbaya?" Akacheka. "Dada Osmunda, ndani hakuna mtu mbaya." Nikamrudishia karatasi nyeupe.

Si kwamba sikuwa na jibu. Kuna jambo hukuwahi kulijua, na baba alikufa nalo. Siku mbili baada ya mwalimu kukurudisha nyumbani, alikuja Mpitimbi kwa baiskeli. Aliniita nyuma ya jiko la shangazi, akasema, "Mdogo wako amepona, anataka kusoma. Ukikubali kumrudishia jina lake, kesho tunaondoka wote, nitakwenda mwenyewe kumwomba mwalimu mkuu." Hakunilazimisha, Osmunda. Alisimama pale ameshika usukani wa baiskeli, ananisubiri. Nikasema sitaki. Akauliza tena, labda alidhani sikuelewa. Nikasema sitaki.

Miaka yote hii nimemsingizia baba, nikasingizia mtihani, nikasingizia umaskini. Nimekaa nikijihurumia kwamba sijijui mimi ni nani, kumbe najijua vizuri sana. Wagonjwa wanaonishukuru wanamshukuru Osmunda. Cheti ni cha Osmunda, mshahara ni wa Osmunda. Katika maisha yangu yote, jambo kubwa nililolichagua kwa mdomo wangu mwenyewe, bila kujificha nyuma ya jina lako, ni kukunyima shule.

Sikuombi msamaha. Kumwomba mtu asiyeweza tena kukataa ni ujanja, na ujanja umenitosha. Nilitaka tu ujue kwamba nafasi yako ilikuwepo, na aliyeifunga ni mimi.

Lala salama, mdogo wangu.

Dada yako,
Kandida