Propela Yangu Imekula Changarawe

Jumamosi, jioni. Hapa kwetu Kianjai kumekauka, upepo wa mchana umeacha vumbi hadi kwenye kikombe changu cha chai.

Imeshika.

Niandike tena ndio niamini: ukingo wa mbele wa propela yangu umeshika, na injini haijaenda Embu.

Kwa wewe unayefika hapa mara ya kwanza, ninaunda ndege ndogo ya kiti kimoja nyuma ya nyumba. Haijaruka, na haitaruka kabla ya kukaguliwa. Propela nimeichonga mwenyewe kwa mbao, nikaivika fiberglasi na resini. Injini ni ya Njeru, shemeji yangu wa Embu aliyemwoa dada yangu. Wiki hii alipiga simu: anakuja Jumamosi, na propela ikiharibika tena mbele ya macho yake, anafungua injini yake anaenda nayo. Ana mtu wa posho mill, kinu cha kusagia unga, anayeitaka.

Niseme sikukasirika? Nilikasirika sana.

Ndiyo, ya kwanza iliharibika. Lakini hebu piga hesabu. Propela ya mita moja na nusu, ikizunguka mara 2,400 kwa dakika, ncha yake inakata hewa kwa mita 188 kila sekunde. Kwa kasi hiyo tone la mvua linagonga kama jiwe. Jiwe lenyewe sijui niseme linagonga kama nini. Fiberglasi tupu ilitafunwa ikabaki nyuzinyuzi kama muwa. Nikabandika ukanda wa chuma juu yake. Jua likawa linapanua chuma kivyake na fiberglasi kivyake, gundi ikachoka, na siku moja kipande kikang'oka kikatoboa nyumba ya kuku. Hakuna aliyeumia, hata kuku. Lakini Njeru aliisimulia hadithi hiyo kwenye sherehe ya familia, wakwe wote wakisikia, na tangu siku hiyo propela yangu inaitwa mwiko, ule wa kusongea ugali.

Mwiko! Kwa jasho langu lote.

Safari hii sikubandika kitu juu. Nilikata ukingo wenyewe milimita sita kwenda ndani, nikaunda kalibu, nikamwaga ule mpira wa mikebe miwili unaochanganywa, ambao mafundi huvisha roli za mashine zilizolika. Ukiganda ni mgumu, lakini ukiubonyeza kwa nguvu unarudi mahali pake. Nilipima mikono yote miwili ya propela: tofauti ya uzito haifiki gramu moja.

Njeru alifika na pikapu, kamba na spana zake. Alikuwa amejipanga kabisa. Nikampeleka nyuma ya nyumba, na hapo ndipo mambo yalipotaka kuharibika hata kabla injini haijawaka.

Kagwiria, mke wangu, alikuwa amefagia.

Si kufagia kidogo. Alifagia uwanja wote, akanyunyizia maji vumbi litulie, mpaka mistari ya ufagio ikaonekana. Mgeni anakuja, na mgeni mwenyewe ni shemeji. Kwetu hakuna mwanamke atakayeacha uwanja na takataka. Mimi, na hesabu zangu zote, sikukumbuka kumwambia kwamba mawe ndiyo mtihani wenyewe.

"Shemeji," Njeru akasema akizungusha kichwa, "hapa ni pa kupima propela ama pa harusi? Umefagia mawe ndio mwiko usiumie?"

"Nimefagia mimi," Kagwiria akamjibu. "Ungekuta takataka ungeenda kusema nini huko Embu? Ya kuku tulisikia."

Njeru akacheka. Mimi sikucheka. Iliniuma kwa sababu alisema kweli. Kwenye uwanja uliofagiwa, hata mwiko wa kweli ungepita mtihani.

Basi nikachukua karai, nikaenda kwenye lile lundo la murram, udongo wenye changarawe, la kujazia njia wakati wa mvua, nikamwaga changarawe mbele ya ndege, propela iivute. Njeru akasema ongeza. Nikaongeza. Akaleta karai moja mwenyewe, akamwaga akinitazama usoni. Tukafunga mpira wa maji kwenye kigingi unyunyizie kutoka mbele kama mvua, tukafunga mkia wa ndege kwa mti, wote tukasimama nyuma, mbali na mstari wa propela.

Nikawasha.

Yale mawe! Ta-ta-ta-ta, kama mtu anakaanga mahindi kwenye sufuria kubwa. Kila mlio niliuhisi kwenye meno. Nusu saa nzima nilikuwa nasikiliza kama kuna mlio wa kitu kinachoambuka. Kagwiria alikuwa ameshika ufagio kama rungu.

Nikazima. Njeru ndiye aliyeenda kwanza. Akapitisha ukucha kwenye ukingo, kutoka kitovu mpaka ncha, mkono mmoja, halafu wa pili. Alipata vidoadoa, na shimo moja la ukubwa wa punje ya ndengu. Halijafika kwenye fiberglasi. Hakuna mahali ukucha ulipoingia chini ya mpira.

Akarudia tena. Nilimwacha arudie.

"Hii imekula karai tatu," akasema mwishowe. Kisha akaenda kurudisha spana kwenye pikapu.

Hakuomba msamaha kwa ile ya mwiko. Lakini alipokuwa akiondoka na mkungu wa ndizi aliofungiwa na Kagwiria, nilimsikia kwenye simu akimwambia dada yangu, "Hapana, nimebeba ndizi tu."

Najua nusu saa si msimu wa mvua. Sijui jua la mwaka mzima litaufanya nini mpira huu; huenda ukakauka na kupasuka. Nitaacha kipande chake juu ya paa nione. Lakini leo, ee, leo acha nifurahi.

Kesho tukitoka kanisani kuna wageni wengine. Nimemwomba Kagwiria asifagie zile changarawe, nataka injini iwake tena Jumatatu.

Amesema ataona.